Ndimu Niliyompaka Solange

Walimu wenzangu, mliniomba niwaachie daftari la mapishi ya uso kabla sijaondoka. Mliomba mkicheka, kwa sababu mapishi yenyewe mnayajua kwa kichwa: asali, parachichi, mashanza, maji ya mchele. Hakuna siri ndani yake. Kila kitu kimo jikoni mwa mama yeyote wa milima yetu ya Masisi ambaye ng'ombe wake hawajaporwa na shamba lake halijavunwa na wenye bunduki. Lakini nimestaafu, asubuhi sina la kufanya, na kuna jambo moja ambalo sikuwaambia katika miaka yote tuliyokaa pamoja kazini. Someni basi mpaka mwisho, hata pale mnapoona narudia mambo ya darasa la kwanza.

Nilianzia kwenye foyer ya parokia, katika kijiji cha mlimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu juu ya Kirotshe. Foyer mnaijua: nyumba ya bati ambamo wasichana walioacha shule hufundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Mimi ni mtoto wa Kirolirwe, wa watu wa ng'ombe. Wenyeji wa kijiji kile walikuwa watu wa jembe, waliolima mteremko ule tangu enzi za mababu: maharagwe, mahindi, viazi. Tulisali kanisa moja na kununua chumvi duka moja, na tuliamini kwamba tunajuana. Niliwasili na sanduku la bati na sweta mbili ambazo hazikutosha kwa baridi ile.

Siku ya kwanza Mama Ernestina, mkuu wa foyer, hakunionyesha chumba changu wala ratiba. Alinitazama usoni, akaleta beseni la maji ya vuguvugu na kuniambia ninawe mbele ya wasichana. Nikanawa kama tulivyonawa nyumbani, kwa sabuni ya kufulia na kwa nguvu zote. Akanishika mkono.

"Sura haiko sufuria," akasema. "Unasugua nini? Kuna bugali imeungulia pale?"

Wasichana walinicheka wiki nzima. Mwanamke yule alikuwa mnene, mpole wa sauti na mkali wa macho, mjane, na ngozi yake ilikuwa laini kuliko ya wanafunzi wake. Kila nilichofanya vizuri katika kazi hii nilikitoa kwake. Kile kibaya ni changu mwenyewe.

Somo la kutunza uso lilikuwa limeletwa na parokia kwa sababu wasichana walikuwa wakinunua sokoni yale mafuta ya kuchubua, ya kopo na ya chupa, na walipofika kliniki mashavu yalikuwa mekundu na vidole vyeusi. Kutoka mjini tulitumiwa karatasi ya programu. Ilitaka tango, yogati ya dukani na maji ya waridi. Kule kwetu waridi lilikuwa moja tu, mbele ya nyumba ya padri, na padri alilihesabu. Mama Ernestina alichukua kalamu akafuta. Penye tango aliandika kiazi kibichi kilichokatwa vipande vyembamba, kiwekwe chini ya macho. Penye yogati, mashanza, maziwa yaliyoganda yenyewe kwenye kibuyu. Penye maji ya waridi aliandika maji ya mchele, yale ya kuosha mara ya pili, maana ya kwanza yana vumbi la gunia. Karatasi ile ikarudi mjini ikiwa imejaa wino, na hatukupata jibu.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: beseni mbili, kijiko cha mti, vitambaa vya pamba vilivyochemshwa, vikombe vya kioo vyenye mifuniko. Asali tulipata kwa mzee mmoja mwenye mizinga. Ilikuja na nyuki waliokufa, na kazi yangu ya miezi mitatu ya kwanza ilikuwa kuichuja. Mseto hutengenezwa leo ukatumika leo. Parachichi la jana ni chakula cha nguruwe. Siagi ya ng'ombe ni nzuri kwa ngozi iliyokaushwa na moshi wa jikoni, lakini ifuliwe kwanza kwa maji baridi mara nne, la sivyo msichana atanuka zizi hata kwenye komunyo. Na kila kitu kipya, hata asali, kijaribiwe kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mkangoje hadi kesho yake. Haya mnayajua. Nayaandika kwa sababu najua pia kwamba nusu yenu hamngoji hadi kesho.

Kulikuwa na jambo moja la Mama Ernestina ambalo sikulitilia maanani. Kabla ya kumpaka msichana yeyote chochote, alimuuliza: "Kesho unaenda wapi na hii sura?" Msichana angejibu: naenda sokoni, naenda kuchota maji, naenda kulinda mtama usiliwe na ndege. Kisha ndipo Mama aliamua ampake nini na saa ngapi. Mimi nilidhani ni maongezi tu, ya kumtuliza mtu aliyelazwa kwenye mkeka macho yamefumbwa. Nilipopewa darasa langu mwenyewe nililiacha swali hilo, maana lilichelewesha kazi.

Nilikuwa na mikono mizuri, hilo sitalificha kwa unyenyekevu wa bandia. Alikuja msichana aliyekuwa akijipaka dawa ya meno kwenye chunusi hadi kidevu kikawa na maganda. Nilimkanya kugusa uso wake kwa majuma mawili, nikampa maji ya vuguvugu na asali tu, akapona. Akaja mama muuza samaki ambaye paji lake la uso lilikuwa limepasuka kwa moshi. Nikamfulia siagi. Wengine niliwasaidia kwa kuwaambia waende hospitali, na huo nao ni ujuzi. Wanaume wa kijiji waliita foyer yetu shule ya kupaka mashanza, na mkuu mmoja wa parokia aliniuliza kama tutafundisha na kucha. Nilimjibu kwamba mke wake angefurahi sana. Kwa kuwa ni padri, mazungumzo yaliishia hapo.

Mwaka wa sita Mama Ernestina aliugua miguu akarudi kwao. Miezi miwili baadaye alikuja mkufunzi kutoka mjini, kijana wa shati jeupe, na vijitabu vyenye picha. Alitukusanya waalimu wa foyer zote za karibu kwa siku tatu. Katika kijitabu chake kulikuwa na ukurasa wa kuondoa madoa usoni: ndimu moja, asali kijiko kimoja, sukari kidogo. Ukipaka uache ikauke. Niliinua mkono nikasema kwamba mkuu wangu wa zamani alikuwa akikataa ndimu kabisa, akisema ndimu ni ya samaki. Kijana yule akatabasamu kwa huruma. Alisema wazee wetu walikuwa na hekima yao, lakini sasa kuna utafiti. Sikuuliza utafiti gani. Nilitaka na mimi niwe upande wa vijitabu.

Nikaanza kuitumia, na haikudhuru mtu. Msidhani nilikuwa mzembe. Wa kwanza niliowapaka walikuwa mabibi arusi wa kwetu, wa Kirolirwe na vijiji vya malisho, ambao mama zao waliniita kwa sababu walinijua. Kwetu msichana akishaposwa anawekwa ndani. Kwa majuma kadhaa hatoki, hachoti maji, hakamui. Anakunywa maziwa na kupakwa siagi, na mlango unafungwa ili siku atakapotoka watu waone tofauti. Niliwapaka ndimu humo humo ndani ya kivuli, madoa yakafifia, wakatoka waking'aa. Saba wote walitoka hivyo. Sifa zangu zikashuka mlima hadi ziwani. Wamama ambao hawajawahi kunisalimia walianza kuniita dada.

Ndipo alipokuja Mama Solange. Alikuwa mama wa pale kijijini, wa watu wa jembe, mwembamba, mchapakazi, asiyejua kusoma. Alikuwa na heshima kubwa kwa mtu yeyote aliyeshika chaki. Binti yake Solange alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, mwenye miaka kumi na tisa, mkono mwepesi kwenye cherehani, mcheshi. Chunusi zilikuwa zimemwachia madoa mashavuni. Alikuwa ameposwa na kijana fundi mbao, mtoto wa mzee wa kanisa, na walipendana kweli. Kila mtu aliliona hilo. Zilibaki siku tisa kufika arusi.

"Madamu," mama akaniambia, "umutengeneze mutoto wangu vile unatengenezaka babibi arusi ba kwenu. Na sisi tuonekane."

Nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa na kiburi ndani yake. Nikamwambia Solange aje kesho yake mapema. Alikuja saa mbili asubuhi. Kulikuwa na ukungu ule wa kwetu ambamo huoni mtu hatua kumi, na baridi. Nikakamua ndimu mbili badala ya moja, kwa kuwa siku zilikuwa chache. Kwa mkono wa kulia, uliolowa ndimu, nikamshika shingoni kumweka sawa, kisha nikampaka nao paji, mashavu, kidevu. Alikunja uso akasema inawasha kidogo. Nikamwambia uzuri una kazi yake. Nikamkataza kunawa hadi jioni, ili ndimu ipate muda. Sikumjaribu mkononi, na sikumuuliza kesho, wala leo, anaenda wapi na ile sura. Alikuwa bibi arusi. Nilijua mabibi arusi huenda wapi. Hawaendi popote.

Alitoka kwangu moja kwa moja hadi shamba la mama mkwe wake. Kwao, siku chache kabla ya arusi, msichana huenda na wenzake kulima kwa mkwe kuanzia asubuhi hadi jua linapotua, kichwa wazi, bila kitambaa, ili ukoo wa mume umwone uso na mikono. Ni siku ya nyimbo na pombe ya ndizi, na wazee hukaa kwenye majani wakihesabu nani amechoka kwanza. Kila mtoto wa kijiji kile alijua. Mimi niliishi kati yao miaka saba na sikujua, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Kwetu bibi arusi akigusa jembe ni aibu ya ukoo mzima, na nilidhani aibu ni moja dunia nzima. Saa nne ukungu ukaondoka. Jua la kwenye milima yetu ni baya kwa sababu baridi inalificha lisikutie wasiwasi.

Jioni uso ulimwaka. Asubuhi yake ulikuwa umevimba, na siku ya pili malengelenge yalitoka mashavuni na kwenye paji. Mama yake aliniita nikakimbia.  Tukamshusha Kirotshe hospitali kwa pikipiki mbili, yeye na mama yake mbele, mimi nyuma. Njiani niliutazama mkono wangu wa kulia. Baada ya kumpaka nilikuwa nimenawa juu juu na kwenda kupalilia sombe, mihogo yetu ya majani ya mboga, nyuma ya foyer, na sasa kati ya vidole na juu ya kidole gumba kulikuwa na mabaka mekundu yaliyoanza kuwa ya kahawia. Palikuwa panachoma. Hapo hapo kwenye pikipiki nilielewa kila kitu: ndimu na jua. Nikauingiza mkono ndani ya kitenge.

Muuguzi aliyetupokea, muganga kwa Kiswahili chetu, alikuwa mwanamke wa makamo, asiye na haraka. Alimgeuza Solange kwenye mwanga. Shingoni, mahali nilipomshika, kulikuwa na alama za vidole, na chini yake michirizi kama ya maji yaliyotiririka. Alisema hiyo si maradhi, ni kitu alichopakwa, kisha jua likakipiga. Akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na nilikuwa nimevaa viatu vizuri kuliko wote mle ndani.

"Madamu, huyu mutoto alipaka nini?"

Solange alinitazama. Midomo yake ilikuwa imevimba, lakini kusema angeweza. Hakusema, kwa sababu kwetu mwanafunzi hamjibii mwalimu swali aliloulizwa mwalimu. Aliningoja. Mama yake naye akaningoja. Na mkono wangu ulikuwa ndani ya kitenge ukichoma.

"Ku foyer tunapakaka asali na mashanza tu," nikasema. "Inje ya pale, sijui. Siku hizi banauzisha mafuta mingi ku soko."

Hayo tu. Sikusema amejichubua. Nilisema sokoni kuna mafuta. Muuguzi aliandika kitu kwenye kadi, akaagiza vitambaa vya maji baridi na dawa ya kupaka, na akae ndani asione jua. Akasema ngozi itakuwa nyeusi kwa miezi kadhaa, kisha itarudi.  Mama Solange alikuwa akimtazama binti yake kwa namna ambayo sijaisahau.

Neno lilifika kijijini kabla yetu: Solange amejichubua. Mzee wa kanisa, baba mkwe, alikuwa amehubiri mara mbili juu ya wanawake wanaobadilisha ngozi waliyopewa na Mungu. Hakuweza, alisema, kuingiza ndani ya nyumba yake kile alichokikemea kwenye madhabahu. Fundi mbao alikuja foyer akaniomba nimwambie ukweli, mimi ninayemjua Solange. Nilimwambia kijana yule kwamba mambo ya wasichana ni magumu. Akaenda zake. Mbuzi za mahari zilirudishwa. Mama Solange alipekua nyumba yake yote akitafuta chupa ya mafuta ya kuchubua: chini ya kitanda, ndani ya gunia la maharagwe, kwenye paa. Majirani walimwona akipekua, na hiyo ikawa ushahidi.

Sababu ya kunyamaza ninayo, na ni nzuri. Wakati ule maneno kati ya watu wa ng'ombe na watu wa jembe yalikuwa makali, na huko chini vijana walikuwa wameanza kutafuta silaha. Ingesemwa kwamba mwanamke wa Kirolirwe ameunguza uso wa binti yao makusudi, siku nane kabla ya arusi. Foyer ingefungwa, labda ingechomwa. Ni kweli yote. Niliitumia sababu hiyo miaka kumi na tisa na haikuisha. Lakini pale mbele ya muuguzi sikuifikiria kabisa. Nilifikiria sifa zangu. Niliona wale mabibi arusi saba, nikaona nitakavyochekwa, nikachagua. Sababu nzuri niliipata baadaye, njiani nikirudi.

Solange alikaa ndani miezi miwili, kisha akapelekwa kwa shangazi yake upande wa Hombo. Hakuniaga. Mkono wangu ulibaki mweusi kwa muda, na walioniuliza niliwaambia ni utomvu wa ndizi.

Niliifuta ndimu ubaoni wiki ile ile. Nikaanza kufundisha kwamba ndimu ni ya samaki, kwa sauti ya mtu mwenye hekima, na sikusema ni maneno ya nani wala niliyajuaje. Nikarudisha na lile swali la kesho unaenda wapi. Ninyi mliokuja baadaye mliandika hayo kwenye madaftari yenu kwa wino mwekundu. Mmoja wenu aliniambia anashangaa jinsi ninavyowaza mbali. Nilikubali sifa hiyo kama nilivyozikubali nyingine.

Kisha vita vilituondoa. Cherehani zilichukuliwa, beseni zikachukuliwa, hata vikombe vyetu vya asali. Sijui askari alitaka kuvifanyia nini. Tulitawanyika, na mwishowe parokia ikanipeleka Walikale kufungua foyer nyingine. Kule hakuna mashanza, ng'ombe hawapendi msitu. Nikabadilisha tena programu, kama Mama Ernestina: mawese mabichi badala ya siagi, kwa uangalifu maana yanatia rangi nguo, papai bivu badala ya parachichi, na asali ya msituni ambayo ni nyeusi na nzuri kuliko ya Masisi. Nilikaa Walikale miaka sita. Hombo iko kwenye wilaya hiyo hiyo. Malori yalitoka huko kila siku ya soko, na madereva waliniambia kuna mama mmoja wa Masisi anauza chumvi na mawese karibu na kizuizi, anaitwa Mama Noela, zamani Solange. Sikwenda. Barabara ilikuwa mbaya, nilisema. Barabara ya kwetu haijawahi kukosa kuwa mbaya, kwa hiyo ni sababu isiyochakaa.

Mkanifanyia sherehe ya kuniaga. Mlichoma mbuzi, mkanivalisha kitenge kipya, na mmoja wenu, sitamtaja kwa kuwa alikuwa na nia njema, akasimama na karatasi yake akasema hivi: katika miaka yote ya kazi, mikononi mwa Madamu Devota hakuungua hata msichana mmoja. Mkapiga makofi. Nilikuwa na kipande cha nyama mdomoni, nikakitafuna. Nilikitafuna muda mrefu nikingoja mtu mmoja tu anitazame vibaya. Hakuna aliyenitazama. Juma lililofuata nilipanda lori la Hombo.

Nilimkuta kwenye kibanda chake, ameketi nyuma ya madumu ya mawese. Alikuwa amenenepa. Uso wake ulikuwa safi kabisa, hauna doa hata moja. Muuguzi alikuwa amesema kweli, ngozi ilirudi, nami sijui kwa nini nilikuwa nimetazamia kuikuta bado imeungua. Alinitambua mara moja. Akanipa kiti, akakipangusa kwanza kwa kanga, akaniuliza safari. Hakuna aliyenikosea adabu katika habari hii yote, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kama wangenitukana.

Nilimwambia nilichokuja kusema. Nilikuwa nimekipanga njia nzima, lakini kilitoka kifupi: ile ndimu ilikuwa kosa langu, na pale hospitali nilidanganya.

"Najua, Madamu," akasema. "Siku ile ile nilijua. Si mimi nilikuwa na ile sura?"

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Alicheka kidogo, bila furaha.

"Nilimuambia mama. Tulipotoka hospitali, ku njia, nilimuambia: ni ndimu ya Madamu. Alinipiga kofi juu ya yale malengelenge. Akasema mwalimu hawezi kudanganya mbele ya muganga."

Nikauliza mama yuko wapi. Nilikuwa na wazo la kwenda kwake, popote alipo, nipige magoti. Solange alisogeza dumu moja kando, akalisogeza tena lilipokuwa.

"Alikufa ku kambi, wakati tulikimbia. Mupaka siku ya mwisho alikuwa ananiuliza fasi nilificha ile chupa. Anasema nimuonyeshe tu, hatakasirika. Nilifika wakati nikatamani niwe nayo, nimuonyeshe, alale."

 Nilimwambia kwamba nitaandika. Kwamba wenzangu wa foyer wameniomba daftari, na nitaliandika jambo hili ndani, wazi, na jina lake, na jina langu, ili wote wajue.

 Mteja alikuwa amefika anataka chumvi, akampimia, akafunga karatasi vizuri.

"Andika," akasema. "Ni muzuri uandike. Lakini mama hakujua kusoma."

Akarudi kumhudumia mteja mwingine, nami nikakaa pale kwenye kiti alichonipangusia hadi lori lilipopiga honi.

Nimeandika hata hivyo. Mapishi yatafuata kwenye kurasa za nyuma, na ndimu haimo. Mkiwasomea wasichana, msianze na asali. Anzeni na hili: Solange, binti wa mama mlimaji wa kile kijiji cha juu ya Kirotshe, hakujichubua hata siku moja. Mwalimu alidanganya mbele ya muganga.